Kilo ya Gunia

SURA YA SABA

Mtu mmoja alikuwa hoi kitandani, mwingine mahabusu, na saa ya ukutani pale kituoni ilikuwa imesimama tangu Pasaka. Sajini Aikande aliitupia jicho kwa mazoea tu, kisha akatazama simu yake. Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi.

"Saa sita kamili nataka jalada mezani," Inspekta Eliakim alikuwa amemwambia, huku anatafuta ufunguo wa gari uliokuwa mkononi mwake mwenyewe. "Kocha kamlisha mwanafunzi wake vidonge. Vidonge tumevikuta kwenye begi la kocha. Unataka nini tena, Aikande, picha ya harusi?"

Aikande hakutaka picha. Alitaka maneno matatu, na alikuwa ameyaandika kwa kalamu kwenye kiganja cha kushoto: jina, idadi, saa. Maneno yenyewe yalikuwa ya Daktari Stella, aliyempigia alfajiri kutoka hospitali.

"Sajini, vidonge mlivyoniletea jana ni vya presha, vile vya taratibu," daktari alisema. "Vinabakiza chumvi fulani mwilini. Mimi nikimtazama huyu kijana, naona kama amekula vya aina nyingine, vya kuifukuza. Moyo unaruka mapigo. Nikifuata begi lenu, halafu begi likawa silo, nitammaliza mimi."

"Damu yake haisemi?"

"Damu inaniambia hali ya sasa, hainiambii kinachokuja. Nitafutie jina la dawa, idadi ya vidonge na saa aliyomeza. Haraka, mdogo wangu."

Kijana mwenyewe aliitwa Lucky, miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Rau. Jumamosi hii hii jioni alikuwa apande ulingoni kwenye pambano kubwa la MMA, ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali, ambao Moshi nzima ilikuwa imeanza kuuongelea kuliko mpira. Ijumaa saa nane mchana alipimwa uzito ukumbini, akapita. Saa kumi na moja jioni akakutwa chumba cha kubadilishia nguo, kalala kifudifudi kwenye sakafu, midomo imekauka kama maganda ya maharage.

Aikande akachukua viti viwili vya plastiki, akavipeleka kule nyuma na kumwomba askari wa zamu amtoe kocha.

Kocha Thadeus alikuwa mtu wa Kirua Vunjo, mfupi, masikio yamevimba na kukunjamana kwa miaka mingi ya mieleka. Alikaa, akaweka mikono magotini.

"Anaendeleaje?" akauliza kabla hajaulizwa.

"Bado. Niambie kuhusu vidonge."

"Vya mama yangu, afande. Nilivinunua Ijumaa asubuhi, nilikuwa nipande navyo Kirua jioni. Kadi yake ya kliniki imo mle mle kwenye begi. Waliovichukua vidonge waliiona kadi wakaiacha."

Aikande akaandika *kadi*, akapiga mstari chini yake.

"Lucky alikuwa na uzito gani?"

"Kikomo chao ni kilo sitini na sita. Saa saba nilimpima pale jimu kwetu, mizani ya betri, nzuri tu. Sitini na sita nukta tisa. Amezidi gramu mia tisa. Nikasema tutaenda ukumbini mapema, avae makoti mawili, aruke kamba, zitatoka. Tumefika, majina yakaanza kuitwa kabla ya wakati. Akapanda mizani vile vile."

"Ikasoma?"

"Sitini na tano nukta tisa."

"Kilo nzima. Ndani ya saa moja. Kakaa kwenye bajaji."

"Ndiyo."

"Hukushangaa?"

Thadeus akakuna sikio lake bovu. "Nilimshukuru Mungu, afande. Mtu akikuletea ng'ombe aliyepotea, huanzi kumuuliza ng'ombe alipitia njia gani."

Aikande karibu acheke, akajizuia. Ndiyo hesabu iliyomfunga kocha. Inspekta aliona kilo imepotea, akaona vidonge, akajumlisha.

"Baada ya kupima ulienda wapi?"

"Mkutano wa kanuni. Makocha wote, chumba cha juu, toka saa nane na nusu hadi walipokuja kupiga kelele kwamba Lucky kaanguka. Kuna karatasi tulisaini."

"Thadeus, hebu nieleze kitu. Mtu ananyimwa maji siku mbili, anakimbia kutoka Rau kupanda mlima na kushuka kabla ya chai, anakabwa shingo kila jioni. Anapata nini?"

Kocha akafikiri. Hili alilijibu polepole kuliko yale ya kumtoa mahabusu.

"Kwenye ngumi ukianguka wanakuhesabia. Kwenye mpira ukianguka refa anapuliza filimbi. Huku kwetu ukianguka ndipo kazi inaanza. Unaangukiwa na mtu mzito kuliko shida zako, na inabidi utafute njia, mguu huku, kiwiko kule. Kijana akishajua kwamba chini pana njia, hata mtaani hatembei vile vile. Lucky ana kasoro moja. Hajui kugonga. Ukibanwa kabali, unagonga mkeka mara tatu, mwenzako anakuachia, kesho mnaendelea. Siyo aibu. Miaka minne namfundisha. Anazimia, hagongi."

"Kwa hiyo mtu akimwambia meza hiki..."

"Akiambiwa ndiyo kazi iliyobaki, atameza msumari."

*

Aliporudi mezani, Aikande alitandaza karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa orodha ya uzito. Wapiganaji kumi na wawili, na wote wamepita. Hata yule jamaa wa Arusha ambaye Jumatano alipiga picha na sahani ya kiti moto akaandika *nitakonda Alhamisi*. Wote. Hilo lilikuwa la kwanza kumkereketa.

La pili lilikuwa kwenye namba za Lucky. Sitini na sita nukta tisa. Sitini na tano nukta tisa. Mkia ule ule. Dawa ya kukojoa inatoa gramu mia saba, mia nane na hamsini, kilo na robo, vyovyote itakavyo. Jasho halijui hesabu. Ni nani aliyelifundisha kutoka kilo moja kamili?

Karatasi ya pili ilikuwa maelezo ya Calvin, mwandaaji wa pambano, yaliyoandikwa Ijumaa jioni. Yalikuwa mafupi na yenye adabu. *Nilifika ukumbini saa nane na nusu, uzito ulikuwa umeshapimwa. Nilibandika orodha mlangoni mimi mwenyewe. Nilimwona Lucky, amechoka. Nilimpa moyo, nikamwambia avumilie, kilo moja siyo kitu. Sikumwona tena mpaka alipoanguka.* Aikande alishayasoma mara mbili. Akayasoma ya tatu, akayarudisha kwenye jalada, akawasha pikipiki.

Kanuni za mashindano zinataka mizani yenye muhuri wa serikali. Mizani ya betri ya Thadeus haikuwa nao. Iliyokuwa nao ilikuwa ile kubwa ya chuma, ya chama cha msingi cha kahawa huko Machame, na iliazimwa pamoja na mtu wake, Mzee Ebenezeri, karani mstaafu. Ijumaa ile ile jioni, wakati watu wanakimbizana na Lucky hospitalini, mzee aliipakia mizani yake akaondoka nayo. Hakuna askari aliyefikiria kuizuia. Nani anakamata mizani?

Pale njia panda ya kupanda Machame, Aikande akasimama dukani.

"Mangi, nipe sukari kilo moja."

"Unaenda kuona mgonjwa?"

"Naenda kuona mzee."

"Ongeza na majani ya chai, basi. Polisi mkienda mikono mitupu mnaonekana mmekuja kukamata."

Akachukua sukari tu.

Kihamba cha Mzee Ebenezeri, shamba lililozunguka nyumba yake, kilikuwa juu ya barabara, migomba imefunika kahawa na kahawa imefunika mfereji. Mzee alikuwa amevaa koti la suti na gambuti, anamkatia ng'ombe mgomba vipande vipande. Na pale kibarazani, imefunikwa gunia kama mtoto aliyelala, ilikuwa mizani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Karibu. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Kirua Vunjo, babu. Sajini Aikande, polisi."

"Aa, wa Vunjo." Mzee akaweka panga chini. "Haidhuru. Hata huko Mungu anafika. Kaa."

Akamkabidhi sukari kwa mikono miwili. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kichagga, *aika mbe*, akawa anaipeleka ndani.

"Babu, naomba kabla hujaiweka, tuipime."

"Imeandikwa kilo moja."

"Ndiyo maana."

Mzee akamtazama kama mtu anayeambiwa apime Biblia. Lakini kazi ni kazi. Akafunua gunia. Mizani iling'aa, imepakwa mafuta, sahani pana chini na mkono wa chuma juu wenye jiwe la kutelezesha. Akasukuma jiwe hadi kwenye sifuri. Mkono ukalala chini, ukatulia.

Aikande akaweka sukari katikati ya sahani.

Mkono ukainuka taratibu, ukayumba, ukasimama sawasawa katikati. Jiwe lilikuwa kwenye sifuri.

Kuku akapita chini ya kiti. Aikande akainama, akasoma tena.

"Babu, mizani inasema sukari yangu haina uzito."

"Inasema sawa," akajibu mzee bila wasiwasi. "Hiyo ni kilo ya gunia."

"Gunia gani?"

"La kahawa, mjukuu. Mkulima analeta kahawa ndani ya gunia. Chama hakinunui gunia. Kwa hiyo unarudisha hii nati ya nyuma mpaka mizani inakula kilo moja kwanza, ndipo inaanza kusoma." Akaigusa ile nati kwa kidole gumba, kwa upendo. "Miaka thelathini na moja. Asubuhi nafungua stoo, naomba, narudisha nati. Hakuna mkulima wa Machame anayeweza kusema Ebenezeri alimwibia."

"Na Ijumaa, ukumbini?"

"Nilifungua, nikaomba, nikarudisha nati."

"Babu. Wale vijana hawakuwa na gunia."

Mzee akaitazama mizani, akamtazama ng'ombe, akarudi kwenye mizani. Akakaa kwenye benchi polepole, sukari ya watu magotini.

"Walikuwa na chupi tu," akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, babu."

"Nimewapunja."

"Umewapunguzia. Wote kumi na wawili. Ndiyo maana wote walipita." Aikande alishafungua daftari. Kama Lucky hakupoteza hata gramu kati ya saa saba na saa nane, basi hapakuwa na kidonge kilichofanya kazi kabla ya mizani. Alimeza baadaye, wakati Thadeus yuko chumba cha juu anasaini karatasi. Ila kwa nini mtu aliyeshapita ameze dawa ya kupunguza uzito? Hawezi. Labda awe ameambiwa kwamba hakupita.

"Babu, fikiri vizuri kabla hujanijibu. Kuna mtu uliyemweleza hili la gunia?"

"Hakuna aliyeuliza. Watu wa siku hizi hawaulizi." Akainua kidole. "Isipokuwa yule kijana mwandaaji. Calvin. Alikuja kama saa nane na nusu na kitu, nafuta sahani. Akasema, babu, wote wamepita, mizani iko sawa kweli? Kesho mchana anakuja bwana kutoka chama cha taifa na mizani yake, atawarudia wote. Nikamwambia iko sawa kabisa, nimeshatoa na kilo ya gunia."

"Akasema nini?"

"Alisimama tu pale, kama mtu aliyesahau jiko linawaka. Halafu akaniambia nipumzike, akaondoka mbio."

Aikande akachukua sahihi ya mzee, akamwomba asiiguse ile nati mpaka gari la polisi lije kuichukua mizani. Mzee akaitikia kwa kichwa. Aikande alipofika getini, akamsikia nyuma yake.

"Mjukuu. Huyo kijana atapona?"

"Ndicho ninachokimbilia, babu."

*

Saa tano na dakika ishirini alikuta watu jimu ya Thadeus kule Rau. Jengo lilikuwa la mabati, mikeka imefungwa pamoja kwa kamba. Vijana wawili walikuwa wanabanana chini kimya kimya, jasho linachuruzika, hakuna anayetukana. Mmoja akapata mkono wa mwenzake, akauvuta. Yule wa chini akapiga mkeka mara tatu. Wakaachiana, wakagusana ngumi, wakaanza upya.

Calvin alikuwa mezani pembeni, simu mbili, shati limepigwa pasi.

"Dada sajini. Karibu. Nasikia kocha mnampeleka mahakamani? Inaniuma. Lakini nafasi ya Lucky tutaweka mwingine, pambano haliahirishwi. Kuna mtu anakuja kutoka Dar kutafuta vipaji, hawa madogo wameisubiri siku hii."

Aikande akakaa bila kukaribishwa. "Nina swali dogo tu la karatasi. Ile orodha ulibandika wewe."

"Mimi."

"Lucky alisoma ngapi?"

"Sitini na tano nukta tisa."

"Kikomo?"

"Sitini na sita. Alipita vizuri."

"Kwa gramu mia moja." Akafungua jalada, akamgeuzia, akaweka kidole kwenye mstari. "Sasa hapa umesema ulimwambia avumilie, kilo moja siyo kitu. Ilikuwa ni kilo moja ya nini, Calvin? Uzito umeshapimwa, orodha uko nayo mkononi, mtu kapita. Kwa nini usimwambie, nenda kale?"

"Ni... ni msemo tu, dada."

"Nimetoka Machame. Nimekunywa na chai." Hakuwa amekunywa, lakini sheria haikatazi. "Mzee Ebenezeri anakusalimia. Anasema ulimuuliza kuhusu mizani, akakutajia gunia."

Simu moja ya Calvin ikaita. Wote wawili wakaitazama mpaka ikanyamaza.

"Mimi sikutafutii ubaya, sasa hivi," Aikande akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kazi. "Sasa hivi natafuta vitu vitatu. Daktari anawatibu watu wawili kwenye kitanda kimoja, aliyekula vidonge vya mama yake Thadeus, na aliyekula vya kwako. Mmoja wao hayupo. Kila dakika unayofikiria, anaweza kumtibu asiyekuwepo." Akafungua kiganja cha kushoto, akakiweka mezani. Wino ulikuwa umefifia, lakini ulisomeka. "Jina. Idadi. Saa."

Kule kwenye mkeka mtu akagonga tena. Tatu.

Calvin akaingiza mkono mfuko wa suruali, akatoa karatasi ya vidonge iliyokunjwa, vyote vimeshatolewa isipokuwa viwili.

"Nilimwambia ukweli," akasema. "Wengine si neno, ila yeye ndiye mtu wa Dar anayekuja kumwona." "Nikamwambia mizani ilikosea, kesho utaonekana umezidi, ndoto imeisha. Akaniuliza kilo hiyo inatokaje. Sikumlazimisha, dada. Alinyoosha mkono mwenyewe."

"Vingapi?"

"Vinne. Nikaona kimya, nikampa vinne tena."

"Saa?"

"Tisa. Na kumi."

Aikande alikuwa ameshapiga namba. Akamsomea Daktari Stella ile karatasi herufi kwa herufi, *furosemide*, miligramu zake, nane, saa tisa na saa kumi jioni. Upande wa pili palikuwa na sauti ya viatu vinavyokimbia, kisha daktari akasema neno moja, "Sawa," akakata.

"Simama, Calvin," akasema Aikande. "Simu zako niachie mimi."

Saa sita kasoro dakika tano jalada lilikuwa mezani kwa Inspekta Eliakim. Jina la mtuhumiwa lilikuwa limebadilika. Inspekta alilisoma hadi mwisho, akauliza kwa nini kuna risiti ya sukari ndani yake, akaambiwa ni kielelezo. Akagonga muhuri. Thadeus alitoka mahabusu, akakataa lifti, akaenda hospitali kwa miguu, mwendo wa mtu anayeshuka mlima.

*

Jumatatu jioni Lucky alifumbua macho. Mashine pembeni yake ilikuwa inalia kwa mpangilio, pii, pii, kama mtu mwenye subira. Thadeus alikuwa kwenye kiti na flaski ya mtori kutoka kwa mama yake. Aikande alisimama miguuni pa kitanda na daftari lake, amekuja kuchukua maelezo, hajayaanza.

Kijana akalamba midomo. Swali lake la kwanza halikuwa lile waliloliandaa.

"Kocha. Nilipita?"

Thadeus akaangalia flaski. Aikande akaona kwamba hataweza, akajibu yeye.

"Hukupita. Alichokwambia Calvin ni kweli, ulizidi gramu mia tisa. Mizani ilikuwa na kilo ya gunia juu yake, na mtu aliyejua hilo akakupa vidonge badala ya kukwambia ungoje pambano lingine."

Shingo ya Lucky ilikuwa imekonda, mishipa imesimama. Taya likakaza, kama watu walivyokuwa wakimwona akikaza akiwa chini ya mtu, shingo imebanwa, macho yanaanza kufifia.

Kisha mkono wenye sindano ya dripu ukainuka kidogo juu ya shuka. Ukapiga godoro. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Thadeus akafungua flaski, akamimina kikombe.

"Haya," akasema. "Nimekuachia. Kunywa."